Ujiji, Kigoma: marafiki wa zamani wakikutana harusini na kinyongo chao, msiwapatanishe kwa kipaza sauti (uzi mrefu)

Mweka Hazina wa Ujiji (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Msimu wa harusi ukianza, humu jamvini hujaa nyuzi za michango: nani kaahidi halafu akazima simu, kamati gani haijasoma mahesabu. Leo naomba tuongee jambo jingine linalovuruga vikao vingi ingawa haliandikwi daftarini. Marafiki waliokuwa damudamu, wakakorofishana, wakatawanyika mikoani, halafu mtoto wa mwenzao anaoa na wote wanaitwa kwenye kamati moja.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayepinga apinge anachokijua. Harusi iwakutanishe watu hao, ni heri. Ila kuwapatanisha ukumbini, mbele ya wakwe, ni kuwaonea wao na kuwaonea maharusi. Nimeliona hili kwa macho yangu na bado linaniuma, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Majina sitaji. Nitawaita kwa kazi zao: Nahodha, Mwalimu na Fundi. Wa nne ni mimi.

Tulikua pamoja Ujiji. Madrasa moja, shule moja ya msingi, na tulipokuwa vijana tukawa na chombo kimoja cha dagaa. Waliokulia Kibirizi au Katonga wanajua chombo ni mali ya namna gani: mtumbwi, nyavu, taa, mashine, na vijana wa kushuka nao ziwani usiku. Enzi hizo taa zilikuwa karabai, hizi za sola zilikuwa bado hazijaenea. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo kazi yake ni ya giza. Mbalamwezi ikikolea vyombo vinalala mwaloni, pale vinapotia nanga ufukweni, na watu wanashona nyavu.

Fundi alichonga mtumbwi kwa mikono yake. Nahodha ndiye aliyeshuka ziwani na vijana. Mimi nilitoa hela ya nyavu na kushika daftari. Mwalimu, ambaye ndio kwanza alikuwa ameajiriwa, alichukua mkopo wa mshahara tukanunua mashine ya farasi 25. Tulikubaliana kwa mdomo, lakini niliandika: mashine ni ya wote wanne, na mkopo utalipwa na wote wanne kutoka kwenye gawio. Naomba mlishike hilo, kwa sababu yote yanayofuata yanazunguka hapo.

Kazi ilikwenda vizuri. Dagaa wakikauka mchangani wachuuzi wameshafika, magunia yanapanda treni kwenda Dar. Jioni za mbalamwezi tulikaa kwa mama yake Fundi, sinia moja la ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, hatujui cha nani ni kipi. Nawaambia haya ili mjue kilichovunjika kilikuwa na uzito gani.

Usiku mmoja wa giza chombo kilivamiwa. Wanaolijua Ziwa Tanganyika hawatashangaa, ujambazi wa majini umewarudisha watu wengi kwenye sifuri. Wenye bunduki walichukua mashine, taa na nyavu, wakawaachia wenzetu makasia. Tulikaa tunahesabu maiti kabla ya kusikia kwamba wametokea kwenye kijiji kimoja kusini, wako hai, Nahodha ameumizwa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwaloni watu wakasema mashine haikuporwa, iliuzwa ng'ambo, Kongo. Hakuna aliyemwambia Nahodha usoni. Hakuna aliyemuuliza. Mimi na Fundi tulimlipa Mwalimu mafungu yetu, kidogo kidogo, mpaka tukamaliza. Nahodha alihama kimya akaenda Kirando, mkoa wa Rukwa, fungu lake likabaki. Mwalimu naye akahamishiwa Urambo, mkoa wa Tabora, na makato ya mshahara yakamfuata huko mwezi kwa mwezi. Hawakugombana hata siku moja. Waliacha tu kupigiana simu.

Twende kwenye harusi. Mwaka 2024 mtoto wa kwanza wa Fundi alipeleka posa, ikapokelewa. Tarehe ndiyo ikasumbua, maana uvuvi ziwani ulifungwa kwa miezi 3 kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane, na nusu ya watu wa kuchangia harusi yetu wanakula kwa ziwa. Tukasogeza mbele, tukachagua siku iangukie mbalamwezi ili wavuvi wawe nchi kavu. Fundi akasema jambo moja tu kwenye kikao cha kwanza: mwanangu haoi bila baba zake wote. Wakaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati, Nahodha kutoka Kirando, Mwalimu kutoka Urambo.

Ahadi zikaanza. Nahodha akaandika: ng'ombe mmoja, madumu mawili ya mawese, gunia la dagaa. Katibu akampongeza, kina mama wakamwaga vigelegele vya maandishi. Mwalimu, ambaye hakuwa ameandika chochote tangu aingizwe, akaandika mstari mmoja: "Kumbe mashine ililipa."

Wakuu, kundi lile lilikuwa na watu zaidi ya mia. Saa nzima hakuna aliyeandika. Wadogo hawakuelewa, wakubwa walielewa mno. Nahodha akatoka kwenye kundi. Usiku ule Fundi alizungumza na simu mpaka sauti ikakauka, akimbembeleza huyu arudi na yule asiongeze neno. Nahodha alirudi. Ng'ombe alifika.

Siku yenyewe nikah ilikwenda kwa heshima, baada ya Alasiri, dufu na kasida mpaka machozi. Usiku tukahamia ukumbini, Mwanga. Mwalimu alikuwa ameshuka treni asubuhi ya jana yake, Nahodha alikuja kwa basi kupitia Mpanda na Uvinza. Nilihakikisha meza zao haziko karibu. Wote wawili walikuwa wanajitahidi, nawashuhudia hilo. Walisalimiana "assalaam alaykum, wa alaykum salaam," kila mmoja akaenda zake.

Kisha mzee mmoja wa heshima aliombwa atoe nasaha kwa maharusi. Nia yake ilikuwa njema, sina shaka. Alipomaliza nasaha akasema hawezi kuondoka jukwaani huku vijana wake wawili wana mfundo kwa ajili ya mashine iliyopotea. Akawataja. Akawaita mbele. Mshereheshaji akazima muziki, mpiga picha akakimbia na taa yake. Mzee akawashikanisha mikono: "Semeni yameisha." Wakasema yameisha. Ukumbi ukalipuka.

Mimi nilikuwa namtazama bwana harusi. Alikuja baadaye nyuma ya ukumbi akaniuliza, "Baba mdogo, yameisha yapi?" Hakuwa anajua. Kwenye meza ya wakwe wajomba wa bibi harusi walikuwa wanaulizana mashine gani, imepotea vipi, na huyu mwenye ng'ombe ni nani kwa familia hii. Binti wa watu ameingia ndoani na usiku wa kwanza ndugu zake wamebeba habari kwamba baba mkwe anakaa na mwizi. Na hao wawili waliopewa makofi, walipotoka mlangoni kila mmoja alipanda bajaji yake bila kumtazama mwenzake.

Kulikuwa na asubuhi yake, nitaileta. Kwanza nataka kusikia mliopitia haya.

Kijana wa Kibirizi

Mkuu, uzi mzuri ila hapo kwa mzee sikubaliani nawe. Bila harusi hao wangeonana lini? Mmoja Kirando, mwingine Urambo, umri unakwenda. Wangekuja kukutana makaburini Ujiji, mmoja yuko ndani ya sanda. Mzee aliona nafasi akaitumia. Na usidharau mkono wa hadharani. Mtu akishasema "yameisha" mbele ya watu mia tatu, kesho akirudia maneno ya zamani anaona haya. Haya hiyo ndiyo inayolinda mji.

Meli ya Liemba hiyo tunayojivunia hapa ziwani, Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, ikakaa chini, ikaja kuinuliwa 1924. Kitu kikizama mtu akipata kamba anavuta. Huwezi kungoja siku nzuri.

Mama Mwandiga

Mleta uzi, umetuhadithia wanaume kwa urefu. Wake zao walikuwa wapi? Mimi nimepika kwenye shughuli nyingi za Ujiji na Mwandiga na nakuambia, kinyongo cha wanaume kinakaa jikoni. Mke wa huyu anapangwa sufuria moja na mke wa yule, mmoja anakoroga mchele, mwingine anageuka ukutani. Nikiwa kiongozi wa jiko jambo la kwanza ninalouliza ni nani haongei na nani. Wanakamati wa kiume hawaulizi, halafu pilau inaungua mnasema moto ulikuwa mkali.

Mtabora wa Isevya

Hapa Tabora tuliwahi kuwa na kama hiyo, ila chanzo chake kilikuwa msiba. Mmoja alifiwa na mama, rafiki yake wa chanda na pete hakuja kuzika wala hakutuma hata salamu. Miaka ikapita. Harusi ya mdogo wao ikawakutanisha, mmoja akatoa mchango mkubwa, mwingine akakataa usisomwe. Tuligombana vikao vitatu juu ya pesa, kumbe mtu anataka kuulizwa tu mama yake alizikwa vipi. Ningependa kujua hao wenu walikuwa wanadaiana nini hasa. Nahisi mashine si yote.

Mweka Hazina wa Ujiji

Nimesoma wote. Naendelea, na majibu yenu yamo humo humo.

Kijana wa Kibirizi, mfano wako wa Liemba nimeupenda, lakini umeukatisha. Iliinuliwa 1924, ndiyo. Kubeba abiria ilianza tena 1927. Hapo katikati ilikuwa na mafundi. Na Wajerumani walipoizamisha walikuwa wamezipaka injini zake grisi nzito zisile kutu. Mzee wetu alitaka meli itoke majini na abiria wapande usiku ule ule, tena kwa picha. Hoja yako ya haya naiheshimu, lakini angalia haya hiyo iliwafanya nini hawa wawili. Walikuwa wameshasema yameisha, kwa hiyo hakuna aliyeweza tena kumwambia mwenzake kilichomo moyoni bila kuonekana amevunja neno mbele ya mji mzima. Mlango ulifungwa kwa makofi.

Aliyeufungua ni Fundi. Asubuhi, baada ya Alfajiri, aliwafuata wote wawili walikolala, kwa miguu, mmoja baada ya mwingine, akawaambia neno moja: njooni mnywe kahawa nyumbani, mnanidai na mimi. Hawezi mtu kumkatalia mwenye shughuli siku ya pili ya shughuli yake. Tukakaa barazani kwake: wao wawili, Fundi, mimi, jirani yetu mmoja mzee ambaye hana makuu, na mtu mmoja ambaye naona ndiye aliyesaidia kuliko sote, kijana aliyekuwa chomboni usiku ule wa uvamizi. Sasa ni baba wa watoto. Alikuja kula pilau tu, Fundi akamzuia asiondoke.

Simu zilikusanywa zikawekwa ndani. Yule jirani hakutoa nasaha hata moja. Alisema tu kila mmoja ataongea mpaka amalize, na anayesikiliza asijibu mpaka kahawa izunguke.

Nahodha alianza na usiku ule. Sitayaandika yote. Alipigwa kitako cha bunduki, mmoja wa vijana akataka kujirusha majini akamshika miguu, wakapiga makasia huku upepo wa kusini ukiwarudisha. Alipofikishwa Kigoma alilazwa. Akasema: "Nililala hospitali. Fundi alikuja, huyu wa daftari alikuja. Nilikuwa natazama mlango. Mwalimu hakuja." Akasema aliposikia kwamba ameuza mashine, hakuumizwa na wachuuzi wa mwaloni waliosema, aliumizwa na kujua kwamba Mwalimu amesikia na hakuja kumuuliza. Akaona kulipa fungu lake ni sawa na kukubali kuwa ni mwizi. Akaondoka.

Kahawa ikazunguka. Yule kijana akaeleza alichokiona, kifupi, bila kutetea mtu. Nilimwona Mwalimu akiinama.

Ndipo Mwalimu akaongea, na Mtabora, hapa ndipo ulipogusa. Alisema habari za mashine alizipata sokoni. Mama mmoja anayeanika dagaa ndiye aliyempa pole mbele za watu, "pole baba, mashine yako imekwenda," na yeye hajui chochote. Mdogo wake Nahodha alitumwa kumwambia, ila alifika baadaye, jioni. "Mali niliyoikopea mshahara wangu, nimeambiwa na muuza dagaa. Nyinyi mnajua, mimi nimejua mwisho." Siku ya kwanza hakwenda hospitali kwa hasira. Siku ya pili kwa hasira. Kisha akaona haya kwamba hajaenda, na kila wiki iliyopita ikafanya kwenda kuwe kugumu zaidi, mpaka akasikia mwenzake amehama. Huko Urambo kila mwisho wa mwezi akiangalia karatasi ya mshahara anaiona ile mashine.

Watu wazima wawili walikuwa wanadaiana kuja kupeana pole. Fungu la mkopo lilikuwa la kweli na nitalifikia, lakini lile la kwanza ndilo lililokuwa limeziba koo. Na niambieni, wakuu, mambo kama hayo mtu anayasema vipi jukwaani, keki mbele yake na wakwe wanamtazama?

Mama Mwandiga, wake zao. Hili lilitushangaza sote. Walikuja na vikombe, wakasimama, mke wa Nahodha akasema, "Sasa mmemaliza, na sisi tuseme letu." Miaka yote hiyo walikuwa wanatumiana mizigo. Dagaa kutoka Kirando hupanda gari mpaka Mpanda, kutoka hapo treni mpaka Kaliua, mwenzake anapokea. Naye hurudisha asali ya Urambo, na karanga. Waume zao walikuwa wanakula na hawaulizi imetoka wapi. Jikoni siku ya harusi walishika sufuria moja, na walicheka. Kama kuna watu walioibeba familia hizi mbili ni hao, na hakuna aliyewaita jukwaani kuwapigia makofi. Nimeandika hapa walau pasomwe.

Kisha nikatoa daftari. Lile la zamani, ninalo. Mwandiko wangu wa ujana, mafungu manne, mawili yamepigwa mstari kwamba yamelipwa, la Mwalimu ni lake mwenyewe, la Nahodha liko wazi. Nahodha alilisoma akasema, "Hili ni langu. Nitalipa." Hakuna aliyemdai pale. Nadhani aliweza kulisema kwa sababu lilikuwa limeshatenganishwa na neno mwizi.

Kijana wa Kibirizi

Mkuu, hapo kwa kijana wa chomboni nimekaa kimya. Shahidi alikuwepo mjini miaka yote na hakuna aliyemuuliza! Mimi nashuka ziwani, na nakubali kwamba chombo kikivamiwa kitu cha kwanza mwaloni ni kumtazama nahodha kwa jicho baya. Hata sasa ndivyo ilivyo. Mtu amenusurika kufa, anafika nchi kavu anaanza kesi.

Lakini bado nasema harusi ndiyo iliyowaleta.

Mtabora wa Isevya

Swali la hesabu. Fungu lile liliandikwa kwa shilingi za wakati ule. Leo hiyo hela hainunui hata tangi la mafuta la mashine hiyo. Atalipa kipi? Akilipa namba iliyoandikwa, Mwalimu ameumia, kwa sababu alikatwa mshahara wakati hela ina thamani. Akilipa kwa bei ya leo, kuna watakaosema ni riba. Sisi kesi kama hii ilitushinda.

Mama Mwandiga

Wanawake wale Mungu awalipe. Na mimi nimesikia vizuri kwamba walikuwa wa mwisho kuulizwa.

Nakuunga mkono kuhusu ukumbi, ila naongeza: siku ya pili nayo isifanywe desturi ya lazima. Kuna watu hawatakiwi kupatanishwa haraka hata barazani. Aliyemharibia mwenzake binti, au aliyempiga mkewe mpaka ukoo wa mke ukamtenga, usimkalishe chini ya mwembe na kahawa ukasema kila mmoja aongee. Hawa wenu wote wawili walikuwa wameumizwa na watu wa tatu, ndiyo maana kahawa ilitosha.

Mweka Hazina wa Ujiji

Mama, nakubali neno lako lote. Barazani hapo palifaa kwa sababu hakukuwa na mnyonge na mwenye nguvu. Ningekuwa na shaka hata kidogo kwamba Nahodha aliuza mashine kweli, lingekuwa jambo jingine na lingehitaji watu wengine.

Mtabora, hesabu ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko machozi. Yule jirani mzee alisema kwa anavyofahamu yeye deni la fedha hulipwa kwa kiasi kilichokopwa, na mdaiwa akizidisha kwa hiari yake bila kushurutishwa, huo ni wema wake. Hakutoa fatwa, alisema kama wanataka uhakika waende kwa sheikh. Mwalimu akasema basi namba iliyoandikwa inamtosha. Nahodha akakataa. Akasema hatalipa namba ya daftari kwa sababu anajua bei ya mashine, ananunua mashine. Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, akasema atatoa robo ya bei ya mashine iliyotumika ya farasi 25 kama inavyouzwa sasa. Mwalimu aliona ni kubwa. Wakavutana, mmoja akitaka kutoa zaidi, mwingine akitaka kupokea pungufu, na nawaambia kweli, tangu tukiwa vijana sikuwahi kufurahia mabishano ya bei kama nilivyofurahia yale.

Yaliandikwa. Karatasi moja, nakala nne, saini zetu na ya yule kijana kama shahidi. Malipo kila giza la mwezi likiisha na vyombo vimegawana, na giza ambalo ziwa limegoma, au uvuvi umefungwa, halihesabiwi. Kipengele hicho alikidai Mwalimu, asiyeshuka ziwani. Nililigundua hilo nikiwa naandika.

Kwa wakwe Fundi alikwenda mwenyewe, kabla ya kikao cha kuvunja kamati. Alikwenda na Nahodha, na yule kijana, wakawaeleza wajomba wa bibi harusi usiku wa uvamizi ulivyokuwa. Wajomba ni watu wa Gungu, mmoja wao amewahi kuporwa taa ziwani. Walielewa upesi. Bwana harusi naye alikaa akasikiliza mwanzo mpaka mwisho, ndiyo mara ya kwanza kujua kwamba nyumba aliyokulia ilijengwa kwa gawio la chombo kile.

Kuvunja kamati tulisoma mahesabu, ikabaki akiba ndogo tukaipeleka kwa maharusi. Nilishauri jambo ambalo nawashauri na nyinyi mnaoketi kwenye kamati msimu huu: kabla hamjampa mtu kipaza sauti, mwambieni wazi ataongea nini, na mshereheshaji awe na ruhusa ya kurudisha muziki. Wazee wanastahi wakielezwa mapema. Wanaudhika wakikatizwa.

Msomaji wa Kasulu

Nimesoma toka juu mpaka hapa. Naomba kuuliza bila kuzunguka: sasa wamekuwa marafiki tena? Au ni mkataba tu wa malipo?

Mweka Hazina wa Ujiji

Ndugu wa Kasulu, swali zuri na nitakujibu kama lilivyo.

Fungu la kwanza lilitumwa, na la pili. Mwalimu akipokea anapiga simu, na simu hiyo huanza kwa hela na huishia kwenye bei za mashine, hali ya ziwa na watoto. Mwanzoni ilikuwa fupi. Fundi ananiambia sasa inachukua muda. Mwalimu hajafika Kirando bado, wala Nahodha hajafika Urambo. Kundi la WhatsApp la kamati lilifungwa, tukabaki na letu la watu wanne, na humo wote wawili wanaandika, ingawa mara nyingi wanamwandikia Fundi au mimi kuliko kuandikiana. Sinia moja kama zamani, hapana. Sijui kama litarudi na sitaki kuwalazimisha kwa kuandika hapa kwamba limerudi.

Kuna jambo moja jipya. Binti wa Nahodha ameposwa na kijana wa Kigoma hapa hapa, na harusi itafanyika Ujiji kwa babu yake. Nahodha alimpigia Mwalimu moja kwa moja, bila kupitia kwangu wala kwa Fundi, akamwomba awe mwenyekiti wa kamati. Mwalimu amesema ampe muda aongee na mkewe. Mkewe, kwa taarifa niliyo nayo, ameshaanza kuweka asali kando.

Akijibu nitawaletea.